Waya wa Akiba Ulioangusha Mtandao: Uchambuzi wa Kisa cha Chuo Kimoja

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika chuo kimoja cha kati nchini Tanzania. Jina la chuo, mkoa kilipo na majina ya wahusika wote yameondolewa. Niliitwa kama fundi wa nje siku ya nne ya tatizo, kwa hiyo mambo ya siku tatu za mwanzo nimeyapata kwa fundi wa chuo, katika daftari lake la kazi, na kwa watu waliokuwapo. Nimekiandika kwa ajili ya mafundi wanaoanza kazi na kwa ajili ya viongozi wa taasisi ndogo wanaoidhinisha fedha za mitandao, kwa sababu kinaonyesha wazi kwamba namna vifaa vinavyounganishwa huamua tabia ya mtandao kuliko ubora wa kifaa kimoja kimoja, na kuliko kasi ya intaneti inayonunuliwa kila mwezi.

Chuo kilikuwa na majengo matano: utawala, maktaba yenye maabara ya kompyuta, majengo mawili ya madarasa ambayo nitayaita A na B, na bweni. Intaneti iliingia kwa faiba ya mtoa huduma, yaani uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga, hadi jengo la utawala, ambako ruta moja, kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani na intaneti, iligawa anwani za mtandao kwa kila kifaa chuoni. Kila jengo lilikuwa na swichi yake, yaani kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao za jengo hilo, na swichi zote zilikuwa za bei nafuu zisizosimamiwa, yaani zile ambazo fundi huzichomeka umeme na nyaya zikaanza kazi bila kuwekewa maelekezo yoyote.

Mtandao uliokua kama nyumba ya kuongezea vyumba

Mtandao huo haukuwahi kuchorwa na mtu yeyote. Ulianza na maabara, kisha maktaba ikaunganishwa na utawala, jengo A likavutiwa waya kutoka maktaba, jengo B kutoka jengo A, na mwishowe bweni kutoka jengo B. Mpangilio wa namna hii huitwa mnyororo, kwa kuwa kila jengo hutegemea lile lililo nyuma yake. Faida yake ni kwamba waya unaohitajika kila mara ni ule wa kufika kwa jirani tu. Hasara yake ni kwamba swichi ya maktaba ikizimika, majengo A na B pamoja na bweni hukosa huduma yote, hata kama vifaa vyao ni vizima.

Kati ya jengo A na jengo B kulikuwa na takriban mita 150. Nyaya za shaba za Ethaneti, yaani utaratibu wa kawaida wa mitandao ya nyaya, ziwe za aina ya Cat5e au Cat6, zimewekewa kikomo cha mita 100 kati ya kifaa na kifaa: mita 90 za waya uliotulia ukutani au ardhini, na mita 10 za nyaya fupi za kuunganishia. Mafundi waliojenga kipande hicho walikifahamu kikomo hicho, wakakikwepa kwa kuweka swichi ndogo ya milango mitano, yaani matundu matano ya kuchomekea nyaya, katikati ya njia, ndani ya kibanda cha kutoa nakala kinachoendeshwa na mama mmoja karibu na uwanja wa michezo. Swichi hiyo ilipata umeme kutoka soketi ya kibanda. Kipande hicho hakikuandikwa popote, na fundi aliyekuwapo wakati wa kisa alikuwa ameajiriwa miaka kadhaa baadaye.

Vifaa vyote, kuanzia kompyuta ya mhasibu hadi simu za wanafunzi bwenini, vilikaa katika mtandao mmoja wenye anwani za 192.168.1, ambazo jumla yake ni 254. Hakukuwa na ukuta wowote kati yao.

Mfuatano wa matukio

Wanafunzi wa bweni walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba mtandao hukatika kila jioni na kurudi asubuhi. Fundi wa chuo alichunguza waya wa bweni na swichi ya jengo B, akaviona vizima, na akahitimisha kwamba mnyororo wenyewe ni mrefu mno. Aliamua kuvuta waya wa pili wa moja kwa moja, kutoka utawala hadi jengo B, kupitia eneo ambalo zamani lilikuwa limefungwa na ujenzi wa bwalo. Umbali wake ulikuwa karibu mita 85, na kazi yenyewe aliifanya vizuri: waya wa shaba halisi ndani ya bomba, ncha zilizobanwa kwa mpangilio sahihi wa rangi, na kipimo cha jozi zote nne. Waya wa zamani hakuuondoa. Aliuacha kama akiba, akiamini kwamba njia moja ikikatika nyingine itafanya kazi.

Waya mpya uliunganishwa Jumamosi jioni. Bweni likapata mtandao usiku ule, na Jumapili mchana kutwa mambo yakawa mazuri.

Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza ya usajili wa mitihani. Muda mfupi baada ya saa 3 asubuhi mtandao wote wa chuo uliganda. Ofisi ya uhasibu ilishindwa kutoa namba za kumbukumbu za malipo, maabara ikasimama, na hata mashine za kuchapia zilizoko chumba kimoja na kompyuta zao zikakataa kazi. Fundi alizima na kuwasha swichi zote. Mtandao ukarudi kwa sekunde chache, ukaganda tena. Akachomoa waya unaoingia maktaba, na majengo mengine yakapona. Kwa mantiki ya kawaida akaona ugonjwa uko maktaba, akabadilisha swichi ya pale. Aliporudisha waya, mtandao ukaganda tena.

Mtoa huduma aliitwa, akapima faiba yake na kuikuta salama, kisha akabadilisha mipangilio kadhaa ya ruta karibu na saa 11 jioni. Muda huo huo mtandao ukapona. Kila mtu akaenda nyumbani akiamini tatizo limekwisha.

Jumanne saa 3 ukaganda upya. Safari hii fundi alichomoa waya wa jengo A, majengo mengine yakapona, naye akaanza kulishuku jengo A. Uongozi ulikutana kwa dharura na kuamua kulipia kasi kubwa zaidi ya intaneti, ambayo ilianza kutumika jioni ile. Jumatano mtandao ulifanya kazi siku nzima bila tatizo, na uamuzi ule ukaonekana umethibitishwa. Alhamisi saa 3 na dakika chache ukaanguka tena kama mwanzo. Ndipo nilipopigiwa simu.

Utambuzi

Nilifika saa 7 mchana. Jambo la kwanza lililonivuta macho lilikuwa taa za swichi ya utawala: zote ziliwaka na kuzima kwa pamoja na kwa kasi, hata za milango ambayo kompyuta zake zilikuwa zimezimwa lakini nyaya zake zilikuwa zimechomekwa. Nilichomeka kompyuta yangu na kunasa data kwa sekunde chache. Karibu yote niliyoyanasa yalikuwa nakala za ujumbe ule ule, wa kompyuta moja ikiuliza ni nani mwenye anwani ya ruta.

Hapa inafaa kueleza swichi hufanya nini. Swichi hupokea kifurushi cha data, ambacho katika Ethaneti huitwa fremu, ikasoma anwani ya kifaa kilichotuma na kukumbuka mlango ilikotokea. Fremu inayofuata yenye kwenda kwa kifaa hicho itapelekwa mlango huo pekee. Lakini zipo fremu zinazoelekezwa kwa wote, mfano ule wa kuuliza anwani ya ruta, na hizo swichi huzitoa katika kila mlango isipokuwa ule zilikoingilia. Mtandao wenye umbo la mnyororo au la nyota hauna shida na utaratibu huo, kwa sababu tangazo hufika mwisho wa kila tawi na kuishia hapo. Mtandao wenye mduara hauna mwisho. Tangazo hutoka utawala kwa njia mbili, likazunguka pande zote mbili, likarudi utawala, nayo swichi isiyo na kumbukumbu ya fremu zilizopita hulitoa upya kama jipya.

Pakiti ya IP, yaani kifurushi cha data ya intaneti kinachobebwa ndani ya fremu, ina hesabu ndani yake inayopungua kwa moja kila inapopita ruta, na ikifika sifuri hutupwa. Fremu ya Ethaneti haina hesabu hiyo. Itazunguka mpaka mtu akate waya au azime umeme, na kila tangazo jipya litaungana na yale yaliyotangulia hadi nyaya zijae. Katika kiungo cha megabiti 100 kwa sekunde zinaweza kupita fremu ndogo takriban 148,800 kila sekunde, na kila kompyuta iliyounganishwa hulazimika kuisoma kila moja ya hizo kwa kuwa imeelekezwa kwa wote. Ndiyo maana hata uchapaji wa ndani ya chumba kimoja ulisimama. Hali hii mafundi huiita dhoruba ya matangazo.

Daftari la fundi lilinipa ushahidi wa pili. Alikuwa ameandika kwa uaminifu kwamba kuchomoa waya wa maktaba kuliponya mtandao, na kuchomoa waya wa jengo A kukauponya pia. Kama ugonjwa ungekuwa katika kifaa kimoja, kingekuwapo kipande kimoja tu ambacho kukiondoa kungeleta nafuu. Mahali popote ukikata nafuu ikaja, basi tatizo ni umbo la mduara wenyewe. Nikamwomba tutembee pamoja kufuata nyaya, kalamu na karatasi mkononi, na tusiguse chochote kabla mchoro haujakamilika. Mkuu wa chuo hakufurahia kusubiri, na ninamwelewa, kwa kuwa foleni ya wanafunzi ilikuwa imefika nje ya uzio. Mchoro ulituchukua saa moja na nusu.

Katika kufuata waya wa A kwenda B ndipo tulipofika kibandani. Swichi ndogo ilikuwa juu ya kabati la karatasi, imefunikwa vumbi, taa zake zikiwaka kwa ile kasi ya utawala. Nilimwuliza mwenye kibanda kama huwa anaizima.

“Sijawahi kukigusa hicho kiboksi, fundi,” alisema. “Ila nikifunga huwa nazima swichi kuu, naogopa shoti. Nafungua saa 3, nafunga saa 11. Jana sikufungua, tulikuwa na msiba.”

Maelezo hayo yalifungua kisa chote. Bweni lilikosa mtandao kila jioni kwa sababu kibanda kilikuwa kikizimwa. Waya wa pili ulipowekwa, mduara wa utawala, maktaba, jengo A, kibanda na jengo B ulikamilika, lakini ulikuwa hai tu wakati kibanda kina umeme. Jumamosi jioni na Jumapili kibanda kilikuwa kimefungwa, na ndiyo maana majaribio yalifaulu. Jumatatu ya mtoa huduma na Jumatano ya kasi mpya zilikuwa bahati za saa na za msiba.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukata kiungo kimoja cha mduara mara moja. Tulikata cha kibandani na kubakiza kile kipya, kwa kuwa kilikuwa ndani ya kikomo cha mita 100 na hakikutegemea soketi ya mtu. Saa 9 na nusu alasiri uhasibu ulianza tena kutoa namba za malipo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutofanya kingine chochote wiki ile. Niliona mambo mengi yenye makosa, mojawapo likiwa ruta ndogo ya Wi-Fi ambayo mwalimu mmoja aliileta kutoka nyumbani na ambayo iligawa anwani za 192.168.0 kwa kompyuta za jirani zake, zikashindwa kutoka nje. Hiyo tuliichomoa. Mengine tuliyaandika na kuyaacha mpaka mitihani ilipokwisha, kwa sababu kuubadilisha mtandao ambao watu mia kadhaa wanautegemea siku hiyo hiyo kungeweza kuzaa tatizo jipya juu ya lile la zamani.

Baada ya mitihani tulikaa na uongozi kupanga upya. Mimi na fundi wa chuo tulipendekeza umbo la nyota, ambapo kila jengo lina njia yake hadi utawala, ili kuzimika kwa swichi ya jengo moja kusiguse jengo lingine. Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya aina ya viungo. Shaba ingekuwa rahisi kununua, lakini baadhi ya umbali ulizidi mita 100, na zaidi ya hayo waya wa shaba kati ya jengo na jengo hupitisha umeme: radi ikipiga karibu, au udongo wa majengo mawili ukitofautiana voltiji, tofauti hiyo hutafuta njia kupitia milango ya swichi. Milango miwili ya jengo B ilikuwa tayari imeungua katika masika yaliyopita. Redio za gigahezi 5 za kuelekezana zingewekwa kwa siku moja bila kuchimba mtaro, nasi tulizifikiria kwa dhati kwa ajili ya bweni. Tuliziacha kwa sababu ya miembe iliyosimama katikati, kwani masafa hayo hutaka pande mbili zionane, na mti wenye majani mabichi yaliyolowa mvua hufifisha mawimbi.

Tulichagua faiba ya modi moja, yaani ile ambayo mwanga hupita ndani yake kwa njia moja tu. Kioo cha ndani ambamo mwanga hupita kina upana wa takriban mikromita 9, hakipitishi umeme, na kwa moduli za kawaida, yaani vifaa vidogo vya kutuma na kupokea mwanga vinavyochomekwa kwenye swichi, hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi kilomita 10, wakati njia yetu ndefu kuliko zote ilikuwa mita 310. Faiba ya modi nyingi ingetosha kwa umbali huo, lakini watoa huduma hutumia modi moja, na kwa hiyo fundi wa kuiunga hupatikana kwa urahisi.

Swichi za majengo zilibadilishwa kwa zile zinazosimamiwa, zenye itifaki ya mti. Itifaki hiyo ilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa kampuni ya Digital Equipment Corporation, kwa ajili ya tatizo hili hili: swichi huzungumza zenyewe, zikatambua mduara, zikafunga kwa muda mlango mmoja ili umbo libaki mti usio na kitanzi, na njia inayotumika ikikatika mlango uliofungwa hufunguliwa. Mtandao wa fundi wetu ungekuwa na swichi za namna hiyo, waya wake wa akiba ungefanya kazi kama alivyokusudia.

Mwisho tuligawa mtandao katika sehemu nne kwa kutumia VLAN, yaani mitandao inayojitenga ndani ya nyaya zile zile kwa kubandika namba kwenye kila fremu: uhasibu na utawala, walimu, maabara na maktaba, na Wi-Fi ya wanafunzi. Sehemu ya wanafunzi ilipewa nafasi ya anwani 1,022, na matangazo yake hayavuki kwenda uhasibu.

Matokeo

Dhoruba haikurudi. Muhula uliofuata mwanafunzi mmoja alichomeka ncha mbili za waya mmoja kwenye swichi ya maabara. Swichi ikafunga mlango, ikaandika taarifa, na maabara ikaendelea na somo. Kasi ya ziada ya intaneti ilirudishwa katika kiwango cha awali mkataba ulipofika mwisho, bila mtumiaji yeyote kulalamika.

Wi-Fi ya bwenini iliendelea kuwa hafifu nyakati za usiku. Hewa ni njia moja inayotumiwa na wote kwa zamu, na katika gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, kwa hiyo simu nyingi zilizojazana kwenye kifaa kimoja cha Wi-Fi hungojeana hata kama faiba iliyo nyuma yake ni tupu. Tatizo hilo linahitaji vifaa zaidi vilivyopangwa chumba kwa chumba, na bajeti yake bado.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni daftari la fundi. Bila saa za kuanguka na kupona, na bila orodha ya nyaya alizochomoa, ningetumia siku mbili kugundua yale niliyoyasoma kwa dakika kumi. Kuchora kabla ya kugusa kulisaidia pia, ingawa kwa mtu aliyesimama mlangoni akingoja huduma kulionekana kama kupoteza muda.

Kosa la asili halikuwa la waya wa pili. Lilikuwa la kuweka kiungo muhimu ndani ya kibanda cha mtu bila kuandika, na bila hata kumweleza mwenye kibanda kiboksi kile ni cha nini. Malalamiko ya bweni yalikuwa na saa maalumu tangu mwanzo, na tatizo lenye saa maalumu hufuata ratiba ya mtu fulani au ya umeme fulani. Hakuna aliyeuliza ni nani anayezima nini saa 11.

Uongozi ulipolipia kasi kubwa zaidi ulikuwa unatibu sehemu isiyoumwa. Kipimo rahisi kingeonyesha hivyo: kama kompyuta haiwezi kufikia mashine ya kuchapia iliyo chumba kile kile, intaneti ya nje haihusiki. Simlaumu yeyote, kwa kuwa Jumatano ile ingemdanganya hata fundi mzoefu.

Katika kazi yangu mwenyewe kulikuwa na makosa mawili. Nilipogawa mtandao sikuwa nimeandika mashine za kuchapia katika mchoro, na siku ya kwanza ya muhula walimu walikuta mashine yao imebaki upande wa utawala. Walikaa asubuhi nzima bila kuchapa. La pili ni kubwa zaidi. Tuliacha nyuzi za akiba ndani ya kila faiba na kuziita njia ya dharura, lakini zote zilipita mtaro mmoja na zile zinazotumika. Miezi michache baadaye wachimbaji wa bomba la maji waliikata faiba ya bweni, nyuzi za akiba zikakatika pamoja na nyingine. Ni kosa lile lile lililoonekana kwa ukubwa wa kanda nzima tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipokatika pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na watumiaji wengi wa Tanzania na nchi jirani wakapoteza huduma au kubaki na huduma hafifu. Njia mbili zinazopita mahali pamoja zina hatari moja.

Fundi wa chuo ameshapima njia ya pili ya kwenda bwenini, inayozunguka upande wa kaskazini nyuma ya bwalo, mbali na mabomba. Mchoro wake umebandikwa ndani ya mlango wa kabati la utawala, na ombi la fedha limewasilishwa kwa mwaka ujao wa bajeti.